Pale Mpasuko Unapochoka

Mwezi uliopita nilirudisha funguo za kituo. Nilipewa keki, saa ya ukutani na hotuba ndefu, kisha Nadège, ambaye sasa anakalia kiti changu, akanisindikiza mpaka getini.

"Mama Astrid, usiende vile tu," akasema. "Utuandikie namna mulikuwa munafanya zamani."

Nikamjibu kwamba nitaandika nikishapumzika. Nimepumzika juma moja, na kupumzika kumenichosha.

Basi haya ni yenu, vijana wa kituo. Habari za vyeo sitaziandika. Vilikuwa vichache na vyote vilichelewa. Nitaandika habari za mtu aliyenifundisha kuisikiliza ardhi, na za kijiji cha Kasongwe, ambacho kilitufanya yeye na mimi tubishane kwa miaka mingi juu ya swali moja: mpasuko wa tetemeko ukishaanza kukimbia, unasimama wapi?

Nilikuja kituoni nikiwa nimetoka tu kumaliza masomo ya jiolojia kule Kasapa, kwenye chuo kikuu cha Lubumbashi. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, aliyeshuka na familia kutoka kaskazini ya Katanga kwa kufuata kazi ya njia ya treni. Nilipomwambia nimepata kazi ya kupima matetemeko, aliweka kikombe chini.

"Mutoto yangu, miaka yote ile ya masomo ni juu ya kungojea udongo itetemeke?"

"Ndiyo, Papa."

"Na kama haitetemeke?"

"Nitangojea."

"Treni kama haikuje, bantu banakasirika. Tetemeko kama haikuje, nani atakasirika?"

Nimesoma vitabu vingi juu ya ugumu wa kazi yetu, na hakuna kilichoueleza kwa ufupi zaidi.

Siku ya kwanza nilivaa blauzi nyeupe. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba karatasi za mashine zilipakwa masizi. Wakati ule kituo hakikuwa na kompyuta. Tulizungusha karatasi ndefu kwenye silinda ya chuma, tukaipitisha juu ya moshi wa taa ya mafuta mpaka ikawa nyeusi tii, kisha tukaweka sindano nyembamba juu yake. Ardhi ikitikisika, sindano inakwaruza masizi na kuacha mstari mweupe. Kesho yake unaichovya karatasi kwenye vanishi ili mstari usifutike, unaitundika ikauke, unaanza upya. Kufikia jioni blauzi yangu ilikuwa na alama za vidole vyangu vyote. Mkuu wa kituo, Chef Kazadi, aliitazama kwa makini, kama mtu anayesoma rekodi.

"Iko muzuri," akasema. "Sasa unafanana na muntu wa kazi."

Chef Kazadi alikuwa mfupi, mwenye miwani mizito na sauti ya chini. Alizaliwa Likasi na wazazi waliotoka Kasai, na aliwahi kutembea kwa miguu karibu kila mlima wa Katanga. Hakupenda kufundisha kwa maneno. Kila asubuhi alitandaza karatasi ya jana mezani, akaweka kidole juu ya mstari mmoja, akangoja.

"Hii ni nini?"

Nikatazama mstari uliovimba katikati. "Tetemeko, Chef."

"Iko camion ya bière. Inapitaka pale mbele kila asubuhi. Na hii?"

"Camion?"

"Hii njo tetemeko, mama. Tetemeko ya kweli, ya kule Mweru. Na weye unaiita camion."

Msimu wa mvua ulikwisha kabla sijaacha kumchekesha. Polepole nikaanza kuona. Lori la bia huvimba taratibu na kupungua taratibu. Baruti ya mgodi wa Kambove hugonga mara moja, na popote ulipo inakusukuma upande wa nje, kwa sababu mlipuko husukuma kila upande. Tetemeko lina tabia nyingine: mawimbi mepesi hufika kwanza, yanabisha tu, kisha hufika yale mazito yanayoyumbisha nyumba. Muda kati ya kubisha na kuyumba ndio unaokueleza umbali. Na tofauti na baruti, tetemeko huwasukuma wengine na wengine huwavuta, kwa kuwa chini kule pande mbili za ardhi zimeteleza, huu ukienda huku, ule ukienda kule. Mahali pale pa kuteleza ndipo tunapopaita ufa.

Siku moja nilimwuliza kwa nini tetemeko moja linabomoa nyumba na lingine linaamsha mbwa tu. Alichukua kipande cha kitenge kikuukuu tulichokuwa tunafutia vanishi, akakichana ukingoni kidogo kwa wembe, akanipa upande mmoja.

"Vuta."

Nikavuta. Kitenge kikapasuka kuanzia pale pa wembe, mpasuko ukakimbia kwa kelele, ukafika kwenye mshono, ukasimama.

"Umeona? Haikupasuka fasi yote mara moja. Ilianza fasi moja, ikakimbia. Udongo iko vile vile. Kule chini mawe inakamatana miaka na miaka, kiisha fasi moja inaachilia. Ile inasukuma jirani yake, na jirani anaachilia. Kama inasimama mbio-mbio, mbwa tu njo bataamuka. Kama inakimbia mbali, manyumba inaanguka."

"Na kama inakimbia kuja kwangu?"

"Basi utapigwa kuliko ule iko nyuma. Mawimbi inabanana mbele yake, sawa vile bantu ku mulango ya kanisa misa ikiisha."

"Na nini inaisimamisha?"

Akaonyesha mshono wa kitenge. "Kona. Ao fasi kwenye ufa moja inaisha na ingine inaanza pembeni. Njo pale inachokaka."

Ukutani nyuma ya meza yake kulikuwa na ramani aliyoichora mwenyewe. Ilionyesha ukingo mrefu wa milima unaoshuka kuelekea bonde la Upemba, na chini ya ukingo ule nyufa mbili: mmoja unatoka kaskazini, mwingine unatoka kusini, lakini hazikutani. Kati yao kuna nafasi tambarare yenye maji na udongo mzuri, tuliyoiita pengo. Kijiji cha Kasongwe kimekaa humo. Chef alikuwa ameandika neno moja juu yake kwa kalamu nyekundu: mwisho. Kwake yeye, ufa wa kaskazini ungepasuka peke yake, na wa kusini peke yake. Tetemeko lolote lingesimama Kasongwe. Alitufundisha hivyo, na sisi tukawafundisha wengine.

Ikaja miaka mibaya, ambapo watu wa mji huu walianza kuulizana baba yako alitoka mkoa gani. Chef Kazadi aliondoka na familia yake kama wengi wenye asili ya Kasai walivyoondoka, na mimi nikabaki na mashine. Sikujua kama angerudi. Nilipaka masizi, nikachovya vanishi, nikatundika karatasi, hata majuma ambayo hakuna aliyekuja kuzisoma. Alirudi asubuhi moja, amekonda, mkoba begani. Nililia mlangoni. Yeye alinishika mkono kwa muda mrefu, kisha akachungulia ndani.

"Karatasi mulibadilisha kila siku?"

"Kila siku, Chef."

"Basi leta ya jana."

Sijawahi kuwa na furaha kama ile juu ya karatasi.

Baadaye zikaja mashine mpya, ndogo kama sufuria ya ugali, zinazofukiwa ardhini na kulishwa na bamba la jua. Tuliweka moja Kasongwe, kwenye bustani ya parokia. Padre wa pale, Abbé Donatien, alikuwa kijana mrefu anayecheka kwa urahisi, na alitupokea kama tumemletea jenereta. Chifu wa kijiji, Mama Chef Ngoie, alikuwa mwanamke mwenye kusema kidogo. Alilizunguka shimo letu polepole.

"Hii kintu yenu inasikia chini ya udongo?"

"Ndiyo, Mama Chef."

"Na bantu inabasikia?"

"Bakicheza, inabasikia."

Alitikisa kichwa. Sikuelewa kwa nini, mpaka rekodi ya kwanza ya Jumapili ilipofika Lubumbashi ikiwa na misa nzima ndani yake: ngoma, miguu ya wamama, na mwisho kitu kizito kilichorudiarudia, ambacho Abbé alikiri kwamba ni yeye mwenyewe akirukaruka wakati wa matoleo. Mbuzi nao walipenda kujikuna kwenye ua wa bamba la jua. Kwa hiyo vijana, mkikuta kwenye rekodi za zamani mtetemo wa ajabu usio na mwanzo mkali, msiandike makala juu yake kabla hamjauliza habari za mbuzi.

Chini ya mbuzi na misa kulikuwa na kitu kingine. Mwaka baada ya mwaka mashine ile ilisikia mitikisiko midogo sana, ambayo hakuna binadamu angeihisi. Nilipoiweka kwenye ramani, haikufuata ufa wa kaskazini wala wa kusini. Ilijipanga chini ya pengo lenyewe, kutoka ncha ya huu mpaka ncha ya ule. Nilibadilisha hesabu, nikaangalia saa za mashine, nikaanza upya. Nukta zilibaki palepale. Ikiwa kule chini nyufa mbili zimeunganishwa, basi mpasuko haulazimiki kusimama. Unaweza kuvuka, na ukivuka unazipasua zote mbili kwa mbio moja, na tetemeko lake linakuwa kubwa kuliko lolote tulilokuwa tumeliandalia ramani.

Huenda ningelikaa na wazo lile kimya kwa muda mrefu, kama si simu ya Abbé Donatien. Wazazi wa Kasongwe walitaka kujenga shule kubwa na maternité, nyumba ya kujifungulia, kando yake, pale penye tambarare, katikati ya pengo. Matofali yalikuwa yamekwisha kuchomwa.

"Mama Astrid, ramani yenu inasema hapa njo mwisho ya tetemeko," akasema kwa furaha. "Kwa hiyo ni fasi ya salama, si vile?"

Nikamwomba angoje kidogo.

Chef Kazadi alikuwa amestaafu na kuhamia kwenye lupango lake, kiwanja chenye ua huko Annexe, pembeni mwa mji, ambako alilima mchicha wa lengalenga na kabichi kwa mistari iliyonyooka kuliko barabara za mji. Nilimkuta anamwagilia. Tulikula bukari, ugali wa kwetu, na samaki, tukazungumza habari za watoto, na mimi nikazunguka-zunguka mpaka mke wake akachoka kunitazama.

"Astrid, sema kile kilikuleta," akasema Mama Kazadi. "Samaki imeisha."

Nikatandaza ramani yake ya ukutani, sasa ikiwa na nukta zangu. Chef aliinama juu yake, akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Unasema nilikosea?"

"Nasema sijui, Chef. Mitikisiko midogo inaweza kupita fasi mpasuko mukubwa inashindwa kupita."

"Sasa unafikiri nini?"

"Nafikiri iliwahi kuvuka."

Alitazama neno lake jekundu. Niliogopa kuwa nimemuumiza. Alipoinua uso, macho yake yalikuwa kama ya asubuhi zile za karatasi za masizi.

"Basi juu ya nini uko hapa unakula samaki yangu? Enda uchimbe!"

Tulichimba. Tetemeko kubwa likifika juu ya ardhi, huikata na kuacha ngazi. Mvua huifukia ngazi ile, majani huota, na baada ya vizazi vichache hakuna anayejua. Lakini ukichimba mtaro unaokatiza ufa, ukutani mwa mtaro utaona tabaka za udongo, na pale zilipokatika zimepanda au zimeshuka. Tuliamua kuchimba mitaro mitatu: mmoja kaskazini, mmoja kusini, na mmoja katikati ya pengo, ambako kwa ramani ya Chef hakukupaswa kuwa na kitu.

Kwa kazi ile tuliajiri wachimbaji wa mikono kutoka Kambove, watu wanaojua kuzuia ukuta wa shimo usiwaangukie. Walichimba vizuri, lakini hawakuniamini. Kila walipofika kwenye tabaka jipya walinitazama usoni, wakiwa na hakika kwamba natafuta shaba au kobalti.

"Mama, utuambie tu," mmoja akasema. "Iko cuivre ao iko cobalt?"

"Natafuta udongo iliyopasuka."

"Ndiyo, ndiyo. Na chini ya ile udongo iliyopasuka, iko nini?"

Mama Chef Ngoie naye alikuja kila siku na kiti chake. Alisema anakaa tu. Nadhani alikuwa analinda cobalt.

Mtaro wa kaskazini ulikuwa wazi kama ukurasa: tabaka jekundu, tabaka jeusi lenye makaa ya moto wa zamani, na ukato uliozishusha zote mbili. Wa kusini vilevile. Kisha tukashuka katika ule wa pengo. Nadège, aliyekuwa ameanza kazi kwetu mwaka ule, alisafisha ukuta kwa mwiko na brashi. Kwa muda mrefu tuliona tabaka zilizolala bila kuvunjika, na moyo wangu ulikuwa umekwisha kukubali kwamba Chef hakukosea. Hapo akaniita. Sauti yake haikuwa ya kawaida.

Tabaka jeusi lilikuwa limekatika. Upande mmoja ulikuwa juu, mwingine chini, na kati yao kabari ya udongo uliomomonyoka baada ya kukatika. Nikakaa chini pale mtaroni, kwenye matope, nikacheka peke yangu.

Tulituma vipande vya makaa kwenye maabara ya ng'ambo. Majibu yalikuja baada ya miezi: tabaka za mitaro yote mitatu zilikatika katika kipindi kilekile. Makaa hayawezi kukuambia kama lilikuwa tetemeko moja, au mawili yaliyofuatana kwa miaka michache. Muwe waangalifu na hilo mnapoandika. Lakini kwamba pengo lenyewe liliwahi kupasuka, hilo hakuna wa kulikana. Tumeliona kwa macho.

Sikutaka kumpelekea Chef Kazadi picha. Nilimpeleka yeye. Binti yake alilalamika, daktari wake alilalamika, na yeye akakaa mbele kwenye jeep akiwa amevaa kofia ya kazi ya zamani, anatuhimiza twende. Barabara ilimtikisa siku nzima, akalala parokiani, na asubuhi tukamshusha mtaroni kwa ngazi, mchimbaji mmoja chini yake na mmoja juu.

Alitembea polepole kando ya ukuta. Alifika kwenye tabaka jeusi, akaweka kidole juu yake na kulifuata, kama zamani kwenye karatasi. Kidole kikafika kwenye ukato, kikashuka, kikapata tabaka lilelile chini. Akakirudisha juu. Akakishusha tena.

"Imepita," akasema kwa sauti ndogo.

Kisha akanigeukia, machozi yakiwa ndani ya miwani, akacheka kicheko ambacho sikujua kuwa anacho. "Imepita, Astrid! Miaka yote nilikuwa naiambia simama, na yenyewe ilikuwa imeisha kupita!"

Alimkumbatia Nadège, akamkumbatia yule mchimbaji, akataka kucheza, na tukamwomba achezee juu. Aliomba kalamu na ramani, akakata neno lake jekundu kwa mstari mmoja, akaandika jina lake pembeni. Mama Chef Ngoie alitazama yote yale kutoka kwenye kiti chake.

"Bazungu walipopata cuivre, hawakufurahi hivi," akasema.

Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi: kuwaambia wazazi. Tulikutana kanisani, na tanuri la matofali lilionekana kupitia dirishani. Nilieleza kwamba pale tambarare ardhi yenyewe inaweza kukatika chini ya sakafu, na hakuna jengo linalostahimili sakafu iliyokatwa. Baba mmoja akasimama.

"Mama, ile tetemeko itakuja mwaka gani?"

"Sijui, Papa. Hakuna muntu anajua."

"Mwaka kesho?"

"Inaweza. Inaweza pia kungojea bajukuu ya bajukuu yenu."

"Basi siku ukijua, urudie utuambie. Sisi tutajenga kwanza."

Kanisa lote likacheka, na mimi nikacheka pia, kwa sababu alikuwa na haki ya kuuliza. Wengine walianza kukasirika: matofali ya watu wote, kuni za watu wote, na mtu wa Lubumbashi anakuja na hadithi ya udongo. Mama Chef Ngoie akainua mkono.

"Mama Astrid. Kama tunajenga kule juu kwenye mawe, mutoto yako anaweza kusoma mule?"

"Anaweza. Kule itatikisika, lakini haitakatika. Kutikisika tunaweza kujengea."

"Na hapa chini?"

"Hapana, Mama Chef. Hapa chini simutume."

"Mukutano imeisha," akasema, akachukua kiti chake.

Hawakukubali wote siku ile, lakini matofali waliyabeba. Nilikuwepo. Baiskeli, vichwa, mikokoteni, wamama wakiimba mbele, Abbé Donatien amefunga kanzu kiunoni na tofali kila mkono. Shule ilijengwa juu kwenye mwamba: nguzo za beto, yaani zege, kwenye kila kona, mkanda wa beto unaozunguka kuta zote kabla ya paa, manjanja, yaani mabati mepesi, badala ya vigae, na milango inayofunguka kwa nje. Maternité nayo hivyohivyo. Fundi alilalamika juu ya chuma hadi siku ya mwisho, na siku ya kufungua alijisifu kwamba wazo lilikuwa lake. Nikamwachia.

Miaka ikapita bila kitu. Nilimfikiria baba yangu: tetemeko kama haikuje, nani atakasirika?

Lilikuja siku ya shule, asubuhi. Nilikuwa na chai mkononi. Mistari kwenye kioo cha kompyuta ikaruka, kwanza kwenye mashine za kaskazini, kisha Kasongwe, kisha kusini, na sekunde chache baadaye chai ikayumba kikombeni. Nadège alikuwa amekwisha kukaa mbele ya kioo.

"Imeanza kaskazini," akasema. "Inakimbia kuja kusini. Mama, angalia ya kusini, namna imebana!"

Niliona. Mashine za kaskazini, zilizokuwa nyuma ya mpasuko, ziliandika mtikisiko mrefu na mpole. Zile za mbele yake ziliandika mfupi na mkali, mawimbi yamebanana. Ulikuwa unakimbia moja kwa moja kuelekea Kasongwe. Na mashine ya Kasongwe ikanyamaza.

Tulipiga simu kwa Abbé. Haikuita. Tulipiga tena na tena. Nadège alifanya hesabu kwa sauti ili tusifikirie, nami nikaandika namba alizotamka bila kuzielewa. Simu ilipolia hatimaye, sikusikia Abbé kwanza. Nilisikia makelele ya watoto wengi, na nikakata tamaa kwa sekunde moja, mpaka nilipotambua kwamba ni makelele ya watoto walioachiliwa mapema.

"Bako inje!" Abbé alikuwa anapiga kelele. "Bote bako inje, bote! Nyumba ya masomo iko imesimama, haikuanguka! Mnara ya kanisa imeanguka, na manyumba ingine, na Papa mumoja amevunjika mukono, lakini batoto bote bako inje na banakataa kurudia ndani!"

"Na maternité?"

"Wamama bako chini ya muti na batoto yabo, wananikasirikia sawa miye njo nilitikisa!"

Nadège aliweka kichwa juu ya meza akalia. Mimi nilicheka, nikalia, nikamwaga chai iliyobaki.

Tulifika kesho yake. Uani mwa shule watoto walikuwa wanaonyeshana namna kila mmoja alivyokimbia, na kila mara walikimbia upya. Ukuta mmoja ulikuwa na mstari mwembamba kwenye plasta, basi. Mama Chef Ngoie alinishika mkono, akasema tuende.

Alinipeleka kwenye mashamba ya kaskazini. Ardhi ilikuwa imekatika, ngazi ya kimo cha goti ikipita katikati ya mahindi. Tuliifuata kuelekea kijijini. Ilianza kupungua: kimo cha kifundo cha mguu, cha kiganja, cha kidole. Tulipoingia kwenye pengo ikawa uzi tu kwenye udongo, na karibu na pale shule ilipotaka kujengwa uzi ukaingia kwenye majani, ukapotea. Nilipiga magoti, nikayapangua majani kwa mikono. Hakukuwa na kitu.

"Njo hapa imechoka?" Mama Chef akauliza.

"Njo hapa imechoka. Kwa leo."

Alitazama upande wa kusini, akaelewa bila mimi kueleza.

Nikampigia simu Chef Kazadi.

"Imesimama wapi?" akauliza kabla ya salamu.

"Mu pengo, Chef. Fasi ile ile uliandika mwisho."

Nikasikia kile kicheko cha mtaroni. Alimwita mke wake aje asikie. "Nilisema! Mama, nilisema inasimamaka pale!"

"Chef, mutaro ilionyesha inaweza kupita."

"Inaweza kupita na inaweza kusimama! Sote wawili tulikuwa na haki, na yenyewe haikutuuliza." Akakohoa, na sauti yake ikawa ile ya kazini. "Na ufa ya kusini?"

"Haikuguswa."

"Basi sasa inabeba muzigo yake na ya mwenzake. Wekeni mashine ingine kule, Astrid. Mingi. Mbele ya mvua kuanza."

Ndivyo tulivyofanya. Zile mashine za upande wa kusini, ambazo ninyi vijana mnanung'unikia kwa sababu barabara ni mbaya na nyuki wanapenda masanduku yake, ziko pale kwa sababu hiyo. Jumamosi iliyopita Chef Kazadi, anayetembea kwa fimbo sasa, aliniuliza kama zote zinafanya kazi. Nikamwambia moja imenyamaza tangu juma lililopita. Alinitazama kama siku ile nilipoita tetemeko camion, na sikupenda hata kidogo. Nadège, nenda ukaitengeneze.